Umeme Uliookolewa Hauna Mita

Tulibisha hodi kwenye nyumba ya nane asubuhi ile, Ngamiani, Tanga. Orodha niliyokuwa nayo ilisema nyumba hiyo ilipokea balbu nne za kuokoa umeme miezi mitano nyuma. Tulimwamkia mama mwenye nyumba, akatukaribisha, nami nikainua macho darini. Sebuleni kulikuwa na balbu ya kizamani, ile yenye waya unaowaka njano. Chumbani vivyo hivyo. Jikoni palikuwa na kishikizo kitupu. Nikamwuliza zile nne ziko wapi. Akafungua kabati la vyombo akazitoa, zikiwa bado kwenye maboksi yake.

"Nimezitunza, mwanangu," alisema. "Hizi zilizopo bado zinawaka. Zikiungua ndiyo nitafunga hizo."

Mama hakukosea. Alitunza mali yake kama anavyoitunza mtu yeyote anayejua thamani ya shilingi. Kosa lilikuwa kwenye ripoti ya mradi. Siku balbu zilipotoka stoo, ripoti ilikwisha kuandika kwamba nyumba ile inaokoa umeme, na kwa miezi mitano umeme huo uliokolewa kwenye karatasi tu.

Tangu siku hiyo naamini jambo moja kuhusu miradi ya matumizi bora ya nishati, iwe ya balbu, friji, majiko, viyoyozi au mashine za kiwandani. Umeme unaotumika una mita. Umeme uliookolewa hauna. Hakuna kifaa kinachoonyesha uniti ambazo hazikutumika, kwa hiyo anayetathmini mradi hana budi kulinganisha yaliyotokea na yale ambayo yangetokea kama mradi usingekuwepo. Ubora wa ulinganisho huo ndio ubora wa tathmini yote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na huu ni mwongozo wa kuliandika daftari hilo. Unaweza kukufaa ukiwa afisa wa shirika la umeme, mtumishi wa mamlaka ya udhibiti, diwani, mwandishi wa habari au meneja wa kiwanda aliyeletewa pendekezo mezani.

Kwanza, uliza mradi unataka kuokoa nini

Miradi mingi hujiita "ya kuokoa umeme" huku ikilenga mambo tofauti. Upo unaotaka kupunguza uniti zinazotumika kwa mwaka. Upo unaotaka kupunguza mzigo wa saa za kilele, ambazo katika nchi zetu huanza kama saa moja jioni, taa, televisheni na pasi zinapowashwa pamoja. Upo pia unaotaka kumpunguzia mwananchi gharama. Mradi unaweza kufaulu katika moja ya hayo na usifike popote katika mengine.

Kenya inatupa mifano miwili. Mwaka 2010 balbu milioni 1.25 za kuokoa umeme ziligawiwa majumbani bila malipo, na mwananchi alitakiwa kurudisha balbu ya kizamani ili apewe mpya. Mradi kama huo hupunguza uniti na kilele kwa pamoja, kwa sababu taa huwaka zaidi jioni. Desemba 2017 Kenya ilianzisha bei maalumu kwa wateja wa biashara na viwanda: kwa masharti yaliyowekwa, walilipa nusu ya bei ya nishati kwa umeme wa saa zisizo za kilele, hasa usiku. Mpango wa namna hiyo huhamisha matumizi kutoka saa moja kwenda nyingine, na jumla ya uniti inaweza hata kuongezeka. Ukiupima kwa uniti utasema umeshindwa. Ukiupima kwa mzigo wa mitambo saa mbili usiku unaweza kuona faida kubwa.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari uwe na sentensi moja inayotaja kipimo: uniti kwa mwaka, kilowati za saa fulani, au shilingi za mfuko fulani. Mwenye mradi akikataa kuiandika, jua kwamba anajiachia nafasi ya kuchagua kipimo baada ya kuona majibu.

Pili, chukua hali ya mwanzo mapema

Hali ya mwanzo ni kumbukumbu ya matumizi kabla ya mradi kugusa chochote. Ichukue ya miezi isiyopungua 12 kamili. Dar es Salaam ya Februari na Dar es Salaam ya Julai hazilingani: moja haina usingizi bila feni au kiyoyozi, nyingine ina upepo wa kusi. Anayelinganisha Februari kabla ya mradi na Julai baada yake amepima majira ya mwaka. Linganisha mwezi na mwezi wa jina lake, na uangalie Ramadhani, kwa kuwa husogea kila mwaka na hubadilisha saa za kupika, kula na kulala.

Kwenye nyumba za LUKU, yaani mita za kulipia umeme kabla ya kuutumia, kuna mtego ambao wageni huuingia kirahisi. Kumbukumbu za shirika huonyesha uniti zilizonunuliwa, na siku ya kununua si siku ya kutumia. Mtu hununua nyingi akipata mshahara, hununua kidogo kidogo mfuko ukiwa mwembamba, na huweza kukaa wiki tatu bila kununua kwa sababu alijaza mapema. Manunuzi ya mwezi mmoja hayasemi mengi, lakini ya miezi 6 au 12 hukaribia sana matumizi halisi. Ukihitaji picha ya wiki, soma mita yenyewe au funga kipimio pembeni.

Kisha jiulize kama mwaka wa mwanzo ulikuwa wa kawaida. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 Tanzania ilikuwa na mgao wa umeme. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wa megawati 235, uliingia kwenye gridi, na mingine ikafuata katika bwawa hilo lenye uwezo wa megawati 2,115. Fikiria mradi uliogawa friji nzuri mwanzoni mwa 2024 na kulinganisha miezi ya mgao na miezi ya umeme wa uhakika. Matumizi yangeonekana yamepanda, na mradi mzuri ungehukumiwa vibaya. Geuza mpangilio, mradi uanze mgao unapoanza, na mradi mbovu utavishwa taji kwa sababu ya giza. Umeme uliokatika haukuokolewa, mwananchi alinyimwa. Tafuta kumbukumbu za kukatika kwa umeme kwa kila laini uziweke pembeni ya hesabu zako.

Tatu, tafuta kundi la kulinganishia

Hata miezi 12 kabla na miezi 12 baada haitoshi peke yake. Katikati ya miaka hiyo bei ya umeme hubadilika, bei ya mkaa hupanda na watu huhamia kwenye jiko la umeme, mtoto huzaliwa, televisheni kubwa hununuliwa. Dawa yake ni kundi la watu wanaofanana na walengwa lakini hawajaguswa na mradi. Yaliyowapata wote kwa pamoja yataonekana kwenye makundi yote mawili, na tofauti itakayobaki ndiyo ya mradi.

Kosa la kawaida ni kuwalinganisha waliojiandikisha na wasiojiandikisha. Aliyejitokeza siku ya kwanza kuomba ukaguzi wa nyumba yake huenda alikwisha kuanza kuzima taa na kung'oa chaja ukutani mwaka mmoja kabla. Yeye na asiyejiandikisha ni watu tofauti tangu mwanzo.

Njia iliyo safi ni kura. Karibu kila mradi una vifaa vichache kuliko wanaovihitaji, na hauwezi kufika kila mtaa mwezi mmoja. Weka majina ya mitaa kwenye chungu na upige kura hadharani mbele ya wenyeviti wa mitaa: hii ianze mwaka huu, hii isubiri mwakani. Inayosubiri ni kundi lako la kulinganishia. Hakuna aliyedhulumiwa, maana kila mtaa utafikiwa, na hakuna atakayesema mtaa wa mheshimiwa ndio uliotangulizwa.

Idadi ya nyumba unazohitaji hutegemea ukubwa wa badiliko unalotafuta. Nchini Marekani, kampuni ya Opower iliwapelekea wateja barua zinazoonyesha matumizi yao yakilinganishwa na ya majirani. Mchumi Hunt Allcott, katika utafiti alioutoa mwaka 2011, alichambua takwimu za nyumba 600,000 hivi zilizogawanywa kwa bahati nasibu akaona matumizi yamepungua kwa wastani wa asilimia 2. Ukitafuta asilimia 2 kwenye nyumba 50, safari moja ya wageni wa harusi itaifuta. Badiliko la asilimia 30 huonekana hata kwenye nyumba mia chache.

Nne, ingia ndani ukaone kwa macho

Takwimu za shirika zitakuambia uniti zimepungua au hazikupungua. Sababu ziko ndani ya nyumba. Chagua kwa bahati nasibu nyumba 100 au 200 kutoka orodha ya waliopokea, na usimwachie aliyegawa vifaa akuchagulie. Nenda jioni, taa zinapowaka. Angalia mambo manne.

La kwanza, je, kifaa kimefungwa? Cha mama wa Ngamiani kilikuwa kabatini. Miradi inayodai balbu ya kizamani irudishwe kabla ya kutoa mpya hupunguza tatizo hili, ndiyo maana sharti hilo lina thamani kuliko linavyoonekana.

La pili, kimefungwa wapi? Balbu nzuri iliyofungwa stoo, inakowaka dakika kumi kwa siku, haiokoi kitu. Thamani yake iko sebuleni, barazani na kwenye taa ya nje ya usalama.

La tatu, kile cha zamani kimekwenda wapi? Friji kuukuu iliyouzwa kwa jirani bado inakula umeme, ila sasa inakula kwenye mita nyingine. Mradi usiokusanya na kuharibu vifaa vya zamani unaongeza vifaa badala ya kubadilisha.

La nne, mita hii ni ya nani? Nyumba nyingi za kupanga zina LUKU moja kwa wapangaji watatu au wanne wanaochanga kila mwezi. Kifaa cha mpangaji mmoja hupotea ndani ya matumizi ya wote, na anayeokoa hufaidika kwa sehemu ndogo ya alichookoa. Mita nyingine zimechezewa na vishoka, yaani mafundi wasio rasmi, nazo hazisomi ukweli wowote. Ziandike na uzitoe kwenye hesabu, na useme kwenye ripoti ni ngapi.

Tano, fanya makato bila huruma

Hapa ndipo tathmini nyingi hulegea, kwa hiyo tupige hesabu pamoja. Chukua balbu ya wati 60 iliyobadilishwa kwa ya wati 11. Tofauti ni wati 49. Ikiwaka saa tatu kwa siku, kwa mwaka ni karibu uniti 54. Balbu 100 ni uniti 5,400, na namba hiyo ndiyo itakayochapishwa kwenye kipeperushi.

Sasa anza kukata. Ziara za majumbani zimeonyesha kwamba kati ya 100, zilizofungwa ni 80. Kati ya hizo 80, robo wangenunua balbu hizo wenyewe mwezi huohuo, maana dukani zipo na jirani anazo. Mradi haukubadilisha chochote kwao, uliwapunguzia gharama tu. Zinabaki 60, ambazo ni uniti 3,240. Kisha baadhi ya watu, wakijua taa mpya hailipishi sana, huiacha iwake muda mrefu zaidi. Tuseme hilo linakula asilimia 10: zinabaki uniti 2,916. Makato haya ni ya mfano. Yako yatatoka kwenye ziara zako na kundi lako la kulinganishia.

Yapo pia ya kuongeza. Uniti isiyotumika nyumbani haikusafirishwa, na njiani umeme hupotea. Ikiwa upotevu ni asilimia 15, uniti 2,916 za nyumbani ni takribani 3,430 ambazo mtambo haukulazimika kuzizalisha. Na kama duka la mtaa lilianza kuuza balbu bora kwa sababu mradi uliwafundisha watu kuziulizia, hiyo nayo ni faida. Iandike ukiwa na ushahidi wa mauzo.

Kwa saa za kilele tahadhari ni kubwa zaidi. Balbu milioni 1.25 mara wati 49 ni megawati 61. Namba hiyo ni sahihi ikiwa zote zimefungwa na zote zinawaka kwa dakika ileile. Zikiwaka 60 kati ya kila 100, ni megawati 37. Tofauti hiyo ni sawa na mtambo mdogo mzima, na shirika likipanga uzalishaji wake kwa namba ya kwanza, watakaokaa gizani ni wananchi.

Mexico ilijifunza umuhimu wa makato haya kwa gharama kubwa. Kati ya 2009 na 2012 serikali yake ilisaidia familia kubadilisha friji na viyoyozi, jumla yake karibu vifaa milioni 1.9. Wachumi Lucas Davis, Alan Fuchs na Paul Gertler walipochambua bili za wateja, waliona waliobadilisha friji wamepunguza matumizi kwa asilimia 8, kama robo tu ya kilichotarajiwa. Waliobadilisha viyoyozi walitumia umeme mwingi zaidi kuliko awali. Friji mpya zilikuwa kubwa na zenye mambo mengi, na kiyoyozi kipya kilipendeza kukiwasha. Huko Michigan, Marekani, Meredith Fowlie, Michael Greenstone na Catherine Wolfram walifuatilia zaidi ya kaya 30,000 kuhusu mpango wa serikali wa kuziba mianya ya nyumba na kuzizuia zisipoteze joto. Akiba iliyokadiriwa na wahandisi kabla ya kazi ilizidi mara tatu ile iliyoonekana kwenye bili. Wahandisi wale walijua kazi yao. Walichokosa ni kurudi kwenye mita baada ya mafundi kuondoka.

Neno moja kuhusu raha iliyorudi. Familia iliyokuwa ikizima feni saa nne usiku kwa kuogopa LUKU kuisha, ikipata feni bora ikalala nayo hadi alfajiri, akiba ya umeme imepungua na watoto wamelala usingizi. Usiifiche na usiiite hasara. Iandikie mstari wake: uniti kadhaa zimegeuka kuwa usingizi, mwanga wa kusomea, chakula kisichooza. Msomaji wa ripoti ana haki ya kuona vyote viwili.

Sita, biashara ipimwe kwa kazi iliyofanyika

Kiwanda na nyumba havipimwi kwa rula moja. Bili ya kiwanda ikishuka, swali la kwanza ni kama uzalishaji nao umeshuka. Tuseme kiwanda cha unga kilitumia uniti 40,000 kwa mwezi kikizalisha tani 200. Baada ya mradi kinatumia 36,000. Meneja anafurahi, bango limetundikwa getini. Lakini mwezi huo kilizalisha tani 150 tu.

Chukua kumbukumbu za miezi 12 ya kabla na uchore mchoro wa uniti dhidi ya tani. Tuseme mstari unaonyesha uniti 10,000 zinazotumika hata mashine za kusaga zikilala, kwa taa, ofisi na kompresa, na uniti 150 kwa kila tani. Kwa tani 200 unapata 40,000, sawasawa na rekodi. Kwa tani 150 kiwanda kilipaswa kutumia 32,500. Kimetumia 36,000. Mradi haukuokoa kitu. Kuna mahali umeme unavuja, na bango literemshwe. Kwa hoteli weka idadi ya vyumba vilivyolala wageni badala ya tani, kwa chumba baridi cha samaki weka kilo zilizoingia na joto la nje, kwa pampu weka lita zilizopandishwa.

Mchoro huo unakuonyesha pia pa kutafutia. Zile uniti 10,000 zinazotumika hata mashine zikilala mara nyingi ndiko akiba rahisi inakokaa: kompresa inayovuja hewa hadi asubuhi, mlango wa chumba baridi wenye mpira uliochakaa, mota inayozunguka bila kazi.

Tenganisha safuwima tatu ambazo wauzaji hupenda kuzichanganya. Wateja wakubwa hulipia uniti na hulipia pia kilele cha mahitaji yao kinachopimwa kwa kVA. Kapasita zikifungwa vizuri, malipo ya kVA hushuka huku uniti zikibaki karibu palepale. Ni faida halali, lakini iandikwe kwenye safu ya kVA. Sola juu ya paa hupunguza uniti za gridi bila kupunguza matumizi ya kiwanda. Huo ni uzalishaji. Na mwezi ambao jenereta ilifanya kazi siku kumi, mita ya shirika itasoma kidogo wakati dizeli inalipwa kwingine. Omba risiti za dizeli.

Kenya imeliwekea jambo hili sheria inayofaa kuigwa. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zilitaka majengo na viwanda vinavyotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka vikaguliwe kila baada ya miaka mitatu, na vitekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa na mkaguzi. Sehemu ya pili ndiyo yenye nguvu. Ripoti ya ukaguzi iliyofungiwa kwenye droo haina tofauti na balbu iliyofungiwa kwenye kabati. Ukitathmini mradi wa ukaguzi wa viwanda, usihesabu ripoti. Hesabu mapendekezo yaliyotekelezwa, kisha rudi kwenye mita.

Saba, uliza fedha zimeingia mfuko wa nani

Tangu 1983 wadhibiti wa jimbo la California wamekuwa na mwongozo unaoupima mradi mmoja kwa macho ya watu mbalimbali: mteja aliyeshiriki, mteja ambaye hakushiriki, shirika linaloendesha, na jamii nzima. Huhitaji mitambo ya California kulitumia wazo hilo. Unahitaji kalamu na jedwali la bei.

Rudi kwenye balbu zetu 100. Tuseme kila moja, pamoja na usafiri na ugawaji, imegharimu shilingi 7,000. Jumla ni 700,000. Zikidumu miaka mitano, kwa namba ya kipeperushi kila uniti iliyookolewa imegharimu kama shilingi 26. Kwa namba iliyokatwa ni shilingi 48. Linganisha na gharama ya kuzalisha na kufikisha uniti mpya, na huenda ukaona mradi bado una manufaa makubwa. Mradi mzuri hauogopi makato. Kwa miradi mikubwa ya miaka mingi, mwombe mhasibu apunguze thamani ya akiba za miaka ya mbele, kwa sababu shilingi ya miaka mitano ijayo si shilingi ya leo.

Sasa mtazame mteja. Bei zilizopitishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati ya Tanzania, mwaka 2016 ziliweka shilingi 100 kwa uniti kwa mteja mdogo wa daraja la D1 hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi, kabla ya kodi na tozo. Kaya ya uniti 90 kwa bei hizo hulipa 12,750. Ikiokoa uniti 15 italipa 7,500. Uniti zimeshuka kwa asilimia 17, na gharama imeshuka kwa asilimia 41. Kwa familia hiyo mradi ni baraka kubwa, nawe usiiandike hiyo 41 kana kwamba ni akiba ya umeme.

Kwa shirika picha ni nyingine. Uniti iliyokuwa ikiuzwa kwa shilingi 100, kama gharama ya kuifikisha inazidi hapo, ikiokolewa inalipunguzia shirika mzigo. Uniti ya shilingi 350 ikiokolewa inaondoka na mapato. Ndiyo maana mashirika mengine hutangaza miradi kwa sauti na kuitekeleza kwa unyonge, na ni kazi ya mdhibiti kuhakikisha shirika haliadhibiwi kwa kuwasaidia wateja wake.

Mwisho, uliza nani hakufikiwa. Punguzo la bei kwa anayenunua kiyoyozi bora linalipwa na wateja wote, lakini humfikia mwenye uwezo wa kununua kiyoyozi. Gawanya waliofaidika kwa madaraja ya matumizi na kwa mitaa. Kama mwenye chumba kimoja cha kupanga anachangia ruzuku ya mwenye ghorofa, ripoti iseme hivyo kwa maneno yasiyopindika.

Nane, rudi tena, kisha andika ukweli

Akiba huzeeka. Balbu huungua na kubadilishwa kwa yoyote iliyoko dukani, fundi aliyefundishwa kuzima kompresa usiku huhama kazi, mpangaji huhama na feni yake. Panga ziara ya pili baada ya mwaka mmoja na ya tatu baada ya miaka mitatu, na uzitengee fedha tangu siku ya kwanza, maana mwishoni mwa mradi hakuna anayezitafutia. Mtathmini asiwe mtu anayelipwa kwa kadiri akiba inavyoonekana kubwa.

Ripoti yenyewe ijibu maswali haya kwenye ukurasa wa kwanza:

- Mradi ulilenga kuokoa nini, na kwa kipimo gani?
- Hali ya mwanzo ni ya miezi gani, na mgao ulikuwaje?
- Kundi la kulinganishia ni lipi, na lilichaguliwaje?
- Vifaa vingapi vilitolewa, na vingapi vilikutwa vinafanya kazi?
- Akiba ilikuwa ngapi kabla ya makato, na ngapi baada yake?
- Kila uniti iliyookolewa imegharimu shilingi ngapi?
- Nani kafaidika, na nani kalipa?

Andika makadirio yako kwa mapana yake: "kati ya uniti 2,500 na 3,300" ni kauli ya kweli kuliko "uniti 2,916 kamili". Na mahali mradi ulipokosea, eleza kwa namna ambayo anayeuendesha anaweza kurekebisha kesho asubuhi.

Tulipoondoka kwa yule mama, mmoja wetu alimwomba ruhusa apande kwenye kigoda. Alifungua balbu mbili za kizamani, akafunga mbili mpya, na ya tatu akaiweka kwenye kishikizo kitupu cha jikoni. Mama akawasha swichi akatazama juu. Kwenye fomu yangu niliandika: zilizotolewa nne, zilizokutwa zinafanya kazi hakuna, zilizofungwa leo tatu, na kati ya hizo mbili tu zimechukua nafasi ya za zamani, kwa sababu jikoni hapakuwa na taa ya kupunguza. Kwenye nafasi ya maelezo nikaongeza kwamba kuanzia usiku ule mama atapika akiona chungu chake. Mistari hiyo yote miwili ilikuwa kweli, na yote miwili iliingia kwenye ripoti.